Kiganja Chekundu cha Sudi

Kaeni chini. Najua mmeamka alfajiri, mmevaa mabuti mapya, mmekuja kukata mitiki, halafu mnakuta mtu mmoja kawakalisha kwenye banda la kunolea cheni anawapigia domo. Vumilieni. Humu msituni hamuingii mpaka Sudi atoke aseme ingieni. Na mimi siwezi kukaa na watu nikanyamaza, ndiyo maana wananiita Redio Mbao tangu sijaota ndevu.

Naona mnavyonitazama. Mnasema mstaafu gani huyu, hana hata mvi. Ni kweli. Wenzangu wanastaafu na miaka sitini, mimi nimestaafu kukata miti nikiwa na thelathini na kitu, mgongo mzima, nguvu ninazo, vidole vyote hivi hapa. Sikustaafu, nimestaafishwa. Aliyenistaafisha ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na mtu akimsema vibaya mbele yangu tutagombana hapa hapa. Mtaelewa baadaye.

Kwanza wewe mrefu, lete mashine yako. Nani kakunolea cheni hii? Umenoa mwenyewe. Umejitahidi, lakini umenoa upande mmoja zaidi, kwa hiyo itakwenda kulia kila ukiikandamiza, na wewe utadhani mti ndio mbishi. Tupa inasukumwa mbele tu, haivutwi nyuma. Kila jino mipigo ile ile, na mkono uwe umelala vile vile. Halafu ukiwa unakata, usitazame mti peke yake, tazama kinachoruka. Cheni kali inarusha vipande kama chenga za mchele. Cheni butu inatoa unga kama sembe. Ukiona sembe, zima, njoo kwangu. Usiikandamize kwa hasira, hasira hainoi kitu. Hilo nalisema mimi, kwa hiyo liandikeni.

Mimi mashine sikufundishwa na mtu. Ya kwanza niliikuta kwa mjomba wangu Miono, iko ghalani, imefunikwa gunia. Nikaifungua yote, nikaifunga yote, nikajiona fundi. Kumbe cheni nimeiweka kinyume, meno yanatazama nyuma. Nikawasha, nikaweka kwenye gogo: moshi, harufu ya kuungua, gogo halina hata mkwaruzo. Nikaitukana ile mashine. Haikunitosha, nikapanda gari mpaka Bagamoyo mjini kumtukana na aliyemuuzia mjomba. Yule bwana, mtu mzima, kanzu na kofia, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akaifungua, akaigeuza cheni mbele ya wateja wake, akairudisha. Akasema, "Haya kijana, anza upya yale maneno yako, maana mengine sikuyashika."

Nikarudi Miono nimeinamisha kichwa. Lakini tangu siku hiyo cheni naifunga hata nimefumba macho.

Kukata kwenyewe nilijifunza kwa Mzee Pazi, huko huko Miono. Yeye alikuwa wa msumeno wa watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Mashine alikuwa anaiita mbwa: inabweka sana, haijui inambwekea nani. Hakuwa na subira nami hata chembe. Ukikosea alikuwa anakurushia gome la mti, na alikuwa na shabaha. Alichokuwa anafanya ni kuchomeka kijiti ardhini pale anapotaka mti ulale, halafu anasema, "Kipigilie kwa mti." Basi. Unakata mdomo, pengo kama kabari, upande wa kijiti, unakuja nyuma, unaacha kipande katikati kisikatike, kile ndicho bawaba. Mti unazunguka kwenye bawaba kama mlango. Ukiimaliza bawaba, huna mlango tena, una ukuta unaoanguka.

Mti wangu wa kwanza niliimaliza. Kijiti kikabaki kimesimama, baiskeli ya Mzee Pazi ikalala kama chapati. Akaizunguka, akaitazama, akasema, "Kijiti nilichomeka kule. Baiskeli niliiweka huku ili ipone."

Sasa sikilizeni la mtiki, maana huu sio mti wa mwituni. Mitiki imepandwa. Mmeona mlivyokuja: mistari imenyooka, ukisimama sehemu moja unaona mpaka mwisho, miti mirefu yote ya rika moja kama askari wa gwaride. Chini kimya. Ndege wachache, upepo unapita juu kwa juu. Watu wa mjini wanakuja Jumapili wanapiga picha, wanasema Redio, huku kuna amani. Amani ipo. Lakini miti iliyobanana namna hii, ukikata mmoja kupunguza, mara nyingi hauji chini. Unaegemea kwa jirani, kichwa kinanasa kwenye matawi ya mwenzake. Unabaki umekatwa, umeinama, uko hewani. Huo ndio mti ulionasa. Unaweza kukaa hivyo wiki nzima. Unaweza kushuka ukiwa unapiga chafya chini yake.

Na kwa huo tulikuwa na desturi yetu. Ukipita kwenye visiki vya zamani utaona machipukizi. Chukua jani changa, liponde kiganjani. Si mnaona? Mkono umekuwa mwekundu kama umechinja. Watoto wa huku wote wanaujua mchezo huo. Mimi niliwahi kujipaka mpaka kwenye kiwiko, nikajifunga kitambaa, nikamwambia Mzee Pazi nimekatika, leo siwezi kazi. Akanipa pole. Saa ya chakula akanitazama tu, akasema, "Mkono uliokatika haushiki sahani ya wali namna hiyo."

Basi wakataji wa huku, mti ukinasa na huna namna ya kuushusha siku hiyo, unaponda majani, unabandika kiganja kwenye miti yote inayouzunguka, usawa wa kifua. Viganja vyekundu. Mtu akiviona hapiti. Na wekundu ule kesho yake unageuka kahawia, kwa hiyo kama mti bado uko juu, unarudi asubuhi unapaka upya. Nyekundu maana yake bado. Kahawia maana yake umeshashuka. Hakuna aliyeandika mahali, kila mtu alikuwa anajua.

Desturi nzuri. Ndiyo iliyomvunja Sudi mguu.

Sudi mnamjua, ndiye aliyewaandikisha jana. Mimi na yeye tumeshika kazi pamoja miaka yote, yeye kimya, mimi kelele. Watu walikuwa wanasema tukikata mti, Sudi anakata na mimi nautisha. Masika moja, hapa hapa kwenye msitu wa Mama Salma, watu wawili walinasisha mti. Wakapaka viganja vizuri, wakashuka Bagamoyo harusini. Asubuhi hawakurudi kupaka. Sudi kaingia mapema peke yake, kaona viganja vya kahawia, kajua umeshashuka. Juu majani ya masika yamefunga kama dari, huoni kitu. Kapita.

Nilimtoa kwa mgongo mpaka barabarani. Sisemi zaidi ya hapo. Wale wawili walihama kabla sijawapata, na Mungu aliwapenda.

Mguu ulipona, lakini umepona mfupi. Akaenda Mapinga, akafungua kijiwe cha kuziba pancha. Na mimi siku ile ile niliweka mashine chini. Mama Salma aliniambia, "Hamisi mwanangu, wewe hukuumia." Nikamwambia mama, sisi tulikuwa wawili, mmoja akiumia wameumia wote. Nikaenda kubeba kokoto. Mtu aliniambia ni ujinga. Nikamjibu vibaya.

Mama Salma ndiye mwenye msitu. Ni mtu wa mjini Bagamoyo, marehemu mumewe ndiye aliyepanda mitiki yote hii huku Makurunge, watu wakamcheka kwamba anapanda kitu ambacho hatakula. Sasa mwaka jana akaniita nyumbani kwake, akanikaribisha kahawa, akasema anataka msimamizi wa wakataji. Msitu umefika wa kupunguzwa tena, vijana wengi ni wapya. Akasema, "Nimekufikiria wewe."

Nikamwambia, "Mama, mwenye kazi hiyo ni Sudi. Mimi nina mdomo, Sudi ana macho."

Akasema, "Sudi najua. Lakini Sudi haingii msituni. Nimemtumia salamu mara mbili, amekuja mpaka kwenye geti, kageuza. Msimamizi wa msitu anayekaa barabarani, mwanangu, wa nini?" Akaniambia ana mtu wake Tanga, kashaongea naye, Jumatatu anapanda gari. Kama Sudi mwenyewe kabla ya hapo atamwambia kwa mdomo wake kwamba ameingia na anaweza, kazi ni yake. Kama hapana, basi. Na ilikuwa tayari Alhamisi.

Sikulala vizuri. Nikamfuata dada Mwantumu, mkuu wa kitalu hapo nje, mnayemuona kila siku na miche yake. Huyo alikuwa anatupikia chai sisi tangu tunaanza, na Sudi anamheshimu kama dada yake wa tumbo moja. Nikamwambia shida. Akasema, "Ukimwambia habari ya kazi atakataa. Mwambie tunakwenda kula." Nikamwambia, "Ataingia?" Akasema, "Mwanaume wa pwani akinusa mkate wa kumimina anaingia hata kaburini."

Jumamosi tukaenda watatu. Ilikuwa kipupwe kinaanza, mitiki imeanza kupukutisha. Mwantumu kabeba kapu, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka, chupa ya chai. Mimi nimebeba mkeka, madafu na panga. Sudi katoka Mapinga na bodaboda, kafika kitaluni, kakaa kwenye benchi kama mtu aliyefika.

Mwantumu akasema, "Hapa jua. Twendeni ndani kidogo, kivulini."

Sudi akamtazama, akanitazama na mimi. Akasema, "Mnanipeleka kama mbuzi wa Idi."

"Mbuzi wa Idi anapewa majani," Mwantumu akamwambia, "wewe unapewa samaki. Inuka bwana, chakula kinapoa."

Akainuka. Wallahi aliinuka. Akasema, "Nitakaa, nitakula, nitaondoka. Redio, usinisemeshe habari za kazi." Nikasema mimi tena, mimi nimekuja kula.

Tukaingia. Mnajua majani ya mtiki yakikauka, makubwa kama sinia, ukikanyaga ni kama umekanyaga gunia la kaukau. Krak, krak, krak. Sudi anatembea mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, nasikia mlio wake, na kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anatazama juu, anaendelea. Uso umemtoka jasho na wala hakukuwa na joto. Mimi nikajikaza nisiseme. Mwantumu alinifinya mara moja nilipofungua mdomo.

Tukakuta mahali pamefagiliwa. Safi kabisa, majani yamesukumwa pembeni, chini udongo mtupu, kivuli kizuri. Na nyie mnajua watu wetu. Ukikuta mahali pamefagiliwa unajua hapa ni pa kukaa, kuna mtu kapakaribisha. Hatukuulizana. Nilitazama miti ya kuzunguka kwa mazoea, hakuna kiganja, si chekundu si cha kahawia. Nikatandika mkeka.

Sudi kaegemea mti, hali. Anamega mkate anaugeuzageuza. Mwantumu anamsimulia habari za miche yake, mimi namsimulia habari za kokoto, yeye anaitikia ee, ee. Nikajiambia huyu keshashindwa. Jumatatu anakuja mtu wa Tanga, na Sudi atakufa anaziba pancha za watu wanaopita kwenda kuona msitu aliokuwa anaujua kama chumba chake. Nilikuwa na hasira, sijui hasira ya nani.

Jani likaanguka kwenye mkate.

Mwantumu akalichukua alitupe. Sudi akamshika mkono. "Hebu lete."

Akalikunja. Majani yote ya kipupwe yanaanguka ya manjano, makavu, yanavunjika. Hili lilikuwa la kijani, bichi, lakini limelegea kama mchicha uliolala sokoni. Sudi akalitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Inukeni. Msikimbie. Acheni vitu. Nifuateni mimi nilipokanyaga."

Tukainuka. Tulipofika pembeni nikatazama juu, nikauona. Mti mzima, umekatwa asubuhi hiyo hiyo, kisiki kiko mistari ya nyuma yetu, kichwa kimenasa kwa jirani, umelala hewani juu ya mkeka wetu na chupa ya chai.

Nikasikia kwa mbali watu wanacheka. Basi mimi damu ikapanda. Nikaokota panga la madafu, nikaenda.

Nikawakuta vijana watatu kwenye mstari wa mbali, wamekaa kwenye gogo wanakula. Mkubwa wao anaitwa Kassim, yule pale anayejaza mafuta, ndiyo wewe, usiinamishe kichwa, tumeshamaliza.

Nikasema, "Nani kanasisha mti kule?"

Kassim kamega ugali, kanitazama. "Shikamoo kwanza, kaka. Au huko mlikotoka hawasalimiani?"

"Nakuuliza nani kanasisha mti."

"Mimi. Tunakula, tukimaliza tunaushusha. Utepe wa manjano wa kuzungushia miti iliyonasa umetuishia tangu jana, tumeagiza."

"Na viganja?"

"Viganja gani?"

Nikamwambia, "Pale palipofagiliwa kafagia nani?"

"Sisi. Tulifagia asubuhi tule pale. Mti ukanasa juu yake, tukahamia huku." Wenzake wakacheka. "Kaka, tungejuaje kuna wageni?"

"Na nyie mlijuaje kuhama?"

Wakaacha kucheka. Nilikuwa nimesogea karibu sana, na Kassim kasimama, na yeye si mdogo, mnamuona. Nikawaambia mengi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Nilimwambia kuna mtu mguu wake umebaki mfupi kwa sababu ya watu kama yeye wanaokula wakashiba huku mti uko hewani. Kassim akasema, "Usiniletee mambo ya watu wa zamani." Neno hilo, jamani.

Halafu nyuma yangu nikasikia krak, kimya, krak, kimya. Mguu mrefu, mguu mfupi. Sudi kaja mwenyewe, mistari yote ile, katikati ya msitu, bila kutazama juu hata mara moja kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.

Akasema, "Redio, zima."

Nikamwambia, "Sudi, hawa..."

"Zima."

Nikazima. Akamgeukia Kassim. "Habari za kazi, mdogo wangu."

"Salama, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Mti ni wako?"

"Wangu."

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba."

"Mmeshiba mapema. Haya, inukeni tukaushushe, halafu ndio mle vizuri."

Nikamwambia Sudi mimi nauangusha sasa hivi, nipeni mashine. Akasema, "Wewe nenda kasimame njiani pale mwisho wa mstari, mtu asipite. Na usiongee, nataka kusikia." Kwa Mwantumu, aliyekuwa amefika nyuma yake, akasema, "Dada, tafuta machipukizi." Mwantumu akaponda majani kwenye kisiki, akaja na mikono myekundu, akawaonyesha vijana wakabandika viganja kwenye miti yote kuzunguka. Mmoja aliuliza hii inatoka na sabuni? Mwantumu akamwambia, "Inatoka. Mguu ndio haurudi."

Sikilizeni sasa alivyoushusha, maana hili ndilo mtakalolikuta. Hakumkata yule jirani aliyeushika. Ukimkata anayekushikia, vinakujia viwili. Hakupanda mtu juu. Kwanza aliwaambia wafagie, nyuma ya kisiki, njia mbili za kurudi nyuma, moja huku, moja huku, mpaka udongo uonekane. Kufagia kwa msituni ni huko: unafagia pa kukimbilia, hufagii pa kukaa. Halafu kamba ndefu kwenye kitako cha mti, watu wawili mbali nyuma. Kassim na mtaimbo. Anakitoa kitako kwenye kisiki kidogo kidogo, wenzake wanavuta kuelekea nyuma, kichwa kinateleza kwenye matawi.

Na kila kitako kinaposogea, Sudi anainua mkono, wote wanasimama. Hakuna kukanyaga. Majani yale yana kelele, ukitembea husikii mti unasema nini. Wanasimama, Sudi kaelekeza sikio juu, anasubiri. Mimi kule mwisho wa mstari na panga langu sijui nalifanyia nini, nikasikia kimya ambacho sijawahi kukisikia maisha yangu, kwa sababu kila nilipokuwa msituni nilikuwa naongea. Nikasikia mti. Unalia kidogo, kama mlango wa nyumba ya jirani.

Sudi akasema, "Bado. Vuta."

Wakavuta.

"Simama."

Kimya. Mlango ukalia tena, mrefu zaidi, halafu ukanyamaza.

"Kassim, acha mtaimbo. Acha hapo hapo, rudi nyuma. Tembea, usikimbie."

Kassim akaacha, akarudi kwenye njia iliyofagiliwa, na hakuwa amefika mbali mti ulipojiachia. Ulishuka mzima mzima, ukapiga pale kwenye mkeka. Ardhi ikatikisika, majani yakaruka yakashuka taratibu, halafu kimya kikarudi kama hakuna kilichotokea.

Chupa ya chai hatukuiona tena. Mwantumu akasema, "Na ilikuwa ya kuazima."

Kassim kakaa chini. Sudi kaenda kakaa karibu naye, mguu mbaya kaunyoosha. Baadaye Kassim akamuuliza, "Kaka, ulijuaje umekaribia?" Sudi akamwambia, "Mti ulinyamaza." Hiyo nayo nimeifikiria sana. Mti unaolia bado unashikiliwa. Ukinyamaza ndio umeamua.

Kisha akatoa simu, akampigia Mama Salma.

"Shikamoo, mama. Sudi. Wazima wote. Niko ndani." Akasikiliza. "Ndani ya msitu wako, mama. Katikati." Akasikiliza tena muda mrefu. "Ndiyo. Mwambie huyo bwana wa Tanga asipakie mizigo."

Mwantumu alilia, akasingizia vumbi. Mimi sikulia, niliongea njia nzima mpaka bodaboda akaniomba nipunguze.

Sasa la kustaafu. Jumatatu nikaamka mapema kuliko nyie. Nikatoa mashine yangu niliyoifunga tangu masika ile, nikaipangusa, nikanoa, nikaja hapa getini kifua mbele. Tumerudi, mimi na Sudi. Nikamkuta amesimama hapo ulipokaa wewe.

Akasema, "Redio, wewe hushiki mashine."

Nikacheka. Akabaki vile vile.

"Kwa nini?"

"Jumamosi ulipowaendea wale vijana, ulikuwa umeshika nini?"

"Panga."

"Ulikuwa unaenda kukata nini?"

Nikaiweka mashine chini.

Akasema msitu ule unataka mtu anayeweza kunyamaza, na mtu mwenye hasira asishike mashine, na kama sheria hiyo haianzi na rafiki yake basi si sheria. Niligeuza, nikaondoka. Nilifika mpaka barabarani, nikakaa kwenye kokoto zangu, nikamtukana kimoyomoyo mpaka nikaishiwa, kama yule muuza mashine alivyoniachia niishiwe. Halafu nikamkumbuka anavyokuja nyuma yangu kwenye yale majani. Alikuwa na sababu zote za kubaki pembeni. Aliingia mpaka katikati ili mimi nisifanye ninalotaka kufanya. Mtu wa namna hiyo akikwambia kaa, unakaa.

Nikarudi. Akanionyesha banda hili, akanipa tupa. Akasema, "Maneno yako yana kazi, lakini nje. Nolea watu cheni, waongeleshe, wakalishe hapa mpaka niwe nimezunguka ndani." Tangu hapo hakuna aliyeingia na cheni butu, na hakuna aliyetoka hajui kijiti cha Mzee Pazi.

Na ile desturi ya viganja kairekebisha. Kahawia haisemi tena kitu, kahawia ni ya kuuliza. Kila alfajiri anaingia peke yake na mguu wake ule, anaizunguka miti yote iliyonasa, anapaka upya kwa mkono wake. Akitoka haandiki ubaoni, hapigi filimbi. Anampa kila mtu mkono. Mkono wako ukibaki mweupe, chukua mashine yako ingia. Ukitoka mwekundu, kuna kitu kinaning'inia, kaa chini umsikilize anakwambia mstari upi.

Mliniuliza kwa nini jua linapanda mko hapa na mimi. Leo alfajiri alitoka mara moja kunipa mkono, akarudi ndani, hata Kassim akiwa bado amelala. Tazameni kiganja changu: chekundu.

Sasa nyamazeni kidogo. Mnasikia majani? Mguu mrefu, mguu mfupi. Huyo anakuja. Simameni, mumsalimie kwa adabu, na msimwachie shikamoo ya mdomo tu. Kila mmoja ampe mkono. Halafu kila mmoja atazame wake.